Zamu ya usiku angani

Mwezi Septemba 1979, katika bonde la Los Angeles huko Marekani, wanakemia wachache walikuwa wakisubiri jua lizame ndipo waanze kazi. Vifaa vyao havikuwa vya ajabu. Taa kali upande huu, darubini upande ule, masafa marefu ya hewa chafu katikati, na mashine ya kuuchambua mwanga unaofika, rangi baada ya rangi. Mbinu hiyo ilitoka Jülich, Ujerumani, kwa Ulrich Platt na Dieter Perner. Wenyeji wao walikuwa akina James Pitts wa Chuo Kikuu cha California pale Riverside, watu walioijua hewa ya bonde lile nje ndani.

Walichokuwa wakikitafuta ni pengo. Kila gesi hufyonza rangi zake katika mwanga na kuziacha nyingine zipite, kwa hiyo mwanga uliosafiri mbali angani hufika ukiwa na mapengo yanayoitaja kila gesi iliyokuwa njiani. Kuna pengo moja, kwenye wekundu wa nanomita 662, ambalo mchana halionekani kabisa. Giza lilipoingia likajitokeza, likazidi kina saa za mwanzo za usiku, kisha likafifia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Kwa mara ya kwanza radikali ya naitreti, ambayo wanakemia huiandika NO3, ilikuwa imekamatwa katika hewa chafu ya mji ambayo watu wanaivuta.

Ajabu ni kwamba alama yake ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1880. Wafaransa wawili, Hautefeuille na Chappuis, waliiona maabara karne moja kabla ya hapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuitafuta nje, na sababu si ngumu kuielewa. Elimu yote ya moshi wa Los Angeles, tangu Arie Haagen-Smit aonyeshe mwanzoni mwa miaka ya 1950 jinsi moshi wa magari unavyogeuka ozoni, ilijengwa juu ya jua. Jua ndilo linalovunja molekuli, ndilo linalowasha mchakato mzima. Likishazama, nani atafute nini?

Dhana hiyo bado tunayo sisi wa kawaida. Tunafungua madirisha usiku tukisema hewa imetulia. Wanaokimbia alfajiri pale Coco Beach, Dar es Salaam, watakwambia wamewahi hewa safi kabla magari hayajaichafua. Kuhusu moshi wa magari wana hoja. Kuhusu hewa yenyewe kulala, hapana. Angahewa ni kama kiwanda chenye zamu mbili, na zamu ya usiku ina wafanyakazi wake, malighafi zake na bidhaa zake.

Tuanze na zamu ya mchana ili tofauti ionekane. Jua likipiga ozoni penye unyevu huzaliwa radikali ya haidroksili, OH, molekuli ndogo yenye elektroni moja isiyo na mwenza, na kwa sababu hiyo haina subira: chochote inachokigusa, kuanzia methani hadi mvuke wa petroli, inakipokonya kitu na kuanza kukioksidisha. Ni adimu mno, chini ya sehemu moja katika trilioni ya hewa, lakini ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya uchafu wa dunia. Bila jua haizaliwi ya kutosha, na iliyopo huisha ndani ya sekunde.

Jua linapozama, mjini zimebaki gesi mbili zenye historia ya siku nzima: naitrojeni dioksidi kutoka kwenye injini, na ozoni iliyopikwa na jua. Zikikutana, ozoni humpa mwenzake atomu moja ya oksijeni. Hapo NO3 imezaliwa. Mmenyuko huu hufanyika hata mchana, ila mchana NO3 ina maadui wawili. Wa kwanza ni mwanga wenyewe, kwa sababu ule wekundu inaoufyonza ndio unaoivunja, na chini ya jua la saa sita haiishi zaidi ya sekunde chache. Wa pili ni naitrojeni monoksidi, gesi inayotoka moja kwa moja kwenye bomba la gari, na ambayo jua huizalisha upya kila linapoivunja dioksidi. Usiku adui wa kwanza hayupo na wa pili amepungua. NO3 hujikusanya hadi kufikia makumi, na katika miji michafu hata mamia, ya sehemu katika trilioni. Nguvu zake kwa kila molekuli ni ndogo kuliko za OH, lakini idadi yake ni kubwa mara nyingi zaidi, na kwa aina fulani za mvuke, hasa harufu za mimea, haina huruma.

Sasa swali la mtu anayeishi ghorofani: iko wapi hasa? Si barabarani. Usiku ardhi hupoa, hewa iliyoigusa nayo hupoa na kuwa nzito, ikakaa chini bila kuchanganyika na ile ya juu. Moshi wa malori ya usiku hunaswa humo, na monoksidi yake huila ozoni na NO3 kwa pamoja. Ukisimamisha kipimo kando ya barabara yenye foleni saa tano usiku unaweza kuondoka ukiamini hakuna kemia yoyote inayoendelea. Pale Erie, jimbo la Colorado, palikuwa na mnara wa utafiti wa mita 300 wenye lifti ya kubebea vifaa. Timu ya Steven Brown wa NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa, ilipandisha na kushusha vipimo vyake usiku kwenye mnara ule. Chini, karibu na ardhi, NO3 ilikuwa kidogo. Kadiri lifti ilivyopanda ndivyo ilivyoongezeka. Hewa ya mchana iliyobaki juu, iliyokatwa uhusiano na ardhi, ndiko zamu ya usiku inakofanyia kazi.

Vipimo hivyo navyo vinastahili neno. Taa na darubini hutoa wastani wa kilomita nzima, hazifai kupandishwa kwenye lifti wala ndege. Brown na wenzake walitumia mwanga wa leza uliofungiwa kati ya vioo viwili vinavyorudisha karibu mwanga wote unaovigusa. Mwanga huenda na kurudi humo mara maelfu, ukisafiri makumi ya kilomita ndani ya bomba lisilozidi urefu wa mtu, na kasi yake ya kufifia ndiyo inayosema NO3 ni kiasi gani. Mwaka 2004 chombo hicho kilipanda ndege ya utafiti na kurushwa usiku juu ya mashariki ya Marekani, kikifuata moshi wa mitambo ya umeme wa makaa ya mawe.

Kilichoonekana huko kinahitaji molekuli moja zaidi. NO3 hushikana na naitrojeni dioksidi na kuwa N2O5, kisha huachana, kisha hushikana tena, usiku kucha. Baridi ikizidi, hushikana zaidi. N2O5 ikigusa chembe ya vumbi yenye unyevu hugeuka asidi ya naitriki, na mchezo umeisha: naitrojeni ile haitarudi kuwa gesi ya kupika ozoni kesho. Isipogusa chembe inayofaa husafiri na upepo, na asubuhi huvunjika, ikaurudishia mji mwingine kabisa moshi wa mji wa jana. Ndege ile ilikuta tofauti kubwa kati ya eneo na eneo. Penye salfeti nyingi angani, yaani penye salfa nyingi kutoka kwenye makaa ya mawe, N2O5 ilimalizwa haraka. Penye salfeti kidogo ilidumu. Uchafu mmoja uliamua safari ya uchafu mwingine, na uamuzi huo ulifanyika wananchi wakiwa usingizini.

Asidi ya naitriki ikikutana na amonia ya mifugo na mbolea huwa amoniamu naitreti, vumbi laini linaloingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Katika Bonde la Salt Lake, jimbo la Utah, ambako hewa ya baridi hunaswa kati ya milima siku nyingi mfululizo, vipimo vya ndege vya mwanzoni mwa 2017 vilionyesha kuwa sehemu kubwa ya vumbi hilo hutengenezwa usiku, juu ya vichwa vya watu. Asubuhi jua likiipasha ardhi joto, hewa ya juu na ya chini huchanganyika na vumbi hushuka. Mwenye kipimo cha mtaani akiona mshale unapanda saa tatu asubuhi hulaumu magari ya asubuhi. Vumbi jingine ni deni la jana.

Kwa sisi wa pwani kuna sura nyingine, nayo ni ya chumvi. Mwaka 1989 Barbara Finlayson-Pitts na wenzake walionyesha maabara kwamba N2O5 ikigusa chumvi ya kawaida hutoa gesi iitwayo naitrili kloridi. Ilikuwa hoja nzuri ya maabara, na ilibaki hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2006 meli ya utafiti ikizunguka karibu na Houston, pwani ya Texas, iliikuta gesi hiyo angani kwa kiasi kilichozidi sehemu moja katika bilioni, na matokeo yakatangazwa 2008. Watu walidhani basi hilo ni jambo la ufukweni. Mwezi Februari 2009 Joel Thornton na wenzake waliikuta Boulder, Colorado, kilomita 1,400 kutoka bahari iliyo karibu zaidi.

Kinachofanya naitrili kloridi iwe ya kutazamwa ni saa inayofanya kazi. Usiku inakaa tu, haina madhara makubwa. Miale ya kwanza ya jua huivunja ikatoa atomu za klorini, ambazo huyashambulia mabaki ya petroli na gesi nyingine angani kwa kasi kuliko OH, tena wakati OH bado hata haijaamka vizuri. Upishi wa ozoni huanza mapema kuliko ambavyo ungeanza.

Ukiiweka picha hii Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, viungo vyote vipo mezani. Mchana upepo wa matlai huleta ndani hewa ya chumvi kutoka baharini. Usiku umande, ule upepo wa bara ambao wavuvi hutokea nao alfajiri, huusukuma moshi wa jiji juu ya maji, kule kwenye chembe za chumvi zisizo na idadi. Jua likichomoza na upepo ukigeuka, hewa ileile hurudi ikiwa imepikwa. Nasema haya nikitazama kemia, ambayo haibadiliki kwa sababu ya mipaka ya nchi. Kinachobadilika ni kiasi cha viungo, na kiasi hicho kinaongezeka kila gari jipya linapotolewa bandarini.

Mfano ulionigusa kuliko yote, hata hivyo, hauna mapafu ya binadamu ndani yake. Mashariki ya jimbo la Washington, kwenye mchanga mkavu, huota ua jeupe liitwalo Oenothera pallida, ambalo hufunguka jioni na kumwaga harufu kali. Wateja wake wakuu ni nondo wakubwa wenye mrija mrefu wa kunyonyea, wanaoruka wakiwa wamesimama hewani mbele ya ua. Nondo hawa huanza kuifuata harufu wakiwa mbali sana na ua lenyewe. Kundi la Chuo Kikuu cha Washington likiongozwa na Jeremy Chan, pamoja na Jeff Riffell na huyohuyo Joel Thornton, liliipitisha harufu ya ua hilo kwenye ozoni peke yake, kisha kwenye ozoni pamoja na NO3. Ozoni ilipunguza kidogo. NO3 ilifuta karibu kabisa baadhi ya viambato, na kwa bahati mbaya vilevile ambavyo antena za nondo huvisikia zaidi.

Wakawaletea nondo harufu iliyoharibiwa, ndani ya handaki la upepo maabara. Aina moja, Manduca sexta, ilishindwa kulifikia ua karibu nusu ya mara zilizozoeleka. Nyingine, Hyles lineata, haikulifikia ua kabisa. Kisha wakaenda porini usiku, wakasimamisha maua bandia katikati ya yale halisi, mengine yakitoa harufu nzima na mengine harufu iliyopitiwa na NO3. Wageni walipungua kwa asilimia 70. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Februari 2024, na hesabu za kompyuta zilizoambatana nayo ziliyataja maeneo ambako tatizo hili huenda ni kubwa: magharibi ya Amerika Kaskazini, sehemu kubwa ya Ulaya, Mashariki ya Kati, Asia ya Kati na ya Kusini, na kusini mwa Afrika.

Anayedhani nondo hawamhusu aangalie papai lililo mezani kwake. Mpapai dume na mpapai jike ni miti miwili tofauti. Dume huning'iniza mashada marefu ya maua yenye nekta na harufu ya usiku. Jike ana maua mafupi kwenye shina, hayana nekta, na mdudu huyatembelea kwa kudanganyika tu. Nchini Kenya, mtafiti Dino Martins na mwenzake Steven Johnson walionyesha mwaka 2009 kwamba wanaobeba chavua kutoka dume kwenda jike ni nondo hawahawa wa jamii ya akina Hyles, na kwamba mapapai yaliyo karibu na pori, ambako nondo huzaliana, huchavushwa vizuri zaidi. Wakulima wetu wengi hung'oa madume kwa kuwa hayazai. Sasa kuna tishio jingine wasiloliona: sehemu ya biashara ya papai imejengwa juu ya mdudu anayeongozwa na harufu, gizani, katika saa zilezile ambazo NO3 inatawala. Shamba lililo pembezoni mwa jiji lina sababu ya kuujali moshi wa jiji hata kama hakuna gari linalopita hapo.

Moshi wa moto nao haukusalimika. Kuni na nyasi zikiungua hutoa fenoli, jamii ya kemikali zinazoupa moshi ile harufu yake, na NO3 huzipenda mno; matokeo yake ni naitrofenoli, rangi ya kahawia inayoganda kwenye chembe za moshi. Mwaka 2019 ndege za NASA na NOAA ziliingia ndani ya moshi wa mioto ya misitu ya magharibi ya Marekani na kukuta jambo la kushangaza: katikati ya moshi mzito, mchana kweupe, jua lilikuwa halipenyi na kemia ya usiku ilikuwa inaendelea na kazi yake. Wanaochoma takataka magharibi ikiingia, ili kazi ya usafi iishe kabla ya giza, wanaipelekea zamu ya usiku malighafi kwa saa yake.

Dawa basi ni kupunguza moshi, lakini hata hapo usiku una hila zake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 katika Nature Geoscience ulionyesha kuwa kasi ya kuzalishwa NO3 imekuwa ikishuka sehemu nyingi zinazopimwa, Ulaya na Marekani zikiwemo, lakini nchini China ilipanda kati ya 2014 na 2019. Wachina walikuwa wakipunguza uchafu, na vumbi lilipungua kweli. Ozoni ndiyo iliyopanda, na NO3 huhitaji ozoni. Mtu anayepima vumbi peke yake angetangaza ushindi.

Hapo ndipo nina neno na wanaosimamia hewa yetu. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kimefanya kazi kubwa kusambaza vipimo vya bei nafuu katika miji ya Afrika, na nakipongeza. Lakini vipimo vya namna hiyo kimsingi huhesabu vumbi. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, huiona naitrojeni dioksidi kutoka angani, ila hutegemea mwanga wa jua na hupita kila mahali karibu saa saba na nusu mchana. Usiku hauna shahidi. Jiji lenye pesa za kununua kituo kimoja tu cha kweli, chenye uwezo wa kupima ozoni na naitrojeni dioksidi kila saa, lisikiweke kwenye mzunguko wa barabara kuu. Likipandishe juu ya jengo refu, au kilimani, na takwimu za saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi zitangazwe sawa na zile za mchana.

Na wewe mwenye gari la petroli, hasa lililotumika lililotoka Japani. Chini yake, kwenye bomba la moshi, kuna kile mafundi wetu wanachokiita masega. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, na kazi ya rodi ni kuzivunja oksidi za naitrojeni zirudi kuwa naitrojeni ya kawaida, ile inayojaza sehemu kubwa ya hewa na isiyomdhuru mtu.  Masega yanaharibiwa na soko: fundi anakwambia yanabana injini na kula mafuta, anayatoa, anakuwekea bomba tupu, na jioni yeye au mwenzake anayauza kwa anayenunua madini. Gari lisilo na masega linamwaga angani oksidi za naitrojeni, malighafi ambayo makala haya yameizungumzia. Fundi akikwambia ayatoe, kataa; na kama yamekwishatolewa, muulize yako wapi na umwambie ayarudishe.